Jinja hadi Kabale na karavani: siku tisa, matairi manne

Tumerudi nyumbani Jinja. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari linalokaa juu ya dashibodi na picha zilizomo kwenye simu yangu na ya mke wangu. Nilipanga kuandika habari za ziwa na milima ya Kabale. Nilipofungua daftari nikakuta kurasa nyingi ni za matairi, basi itakuwa hivyo. Hapa Uganda wanaovuta karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari, ni wachache, lakini wenye vitrela vya matoke, vya maji, vya jenereta na vya boti ni wengi, na tulichokutana nacho kinawahusu wote.

Gari letu ni Prado ya dizeli. Karavani ni ya mkono wa pili kutoka Uingereza, ekseli moja, matairi mawili ya inchi 14. Waingereza huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango wake unafungukia ukingoni mwa barabara, si kwenye magari yanayopita. Ukinunua, angalia hilo kwanza, hasa kama una watoto.

Siku ya 1, Jumamosi 23 Agosti. Jinja hadi Lwera

Shule zilifungwa jana yake. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wawili, na shemeji yangu aliyetoka Tanga kututembelea. Karavani ilikuwa imesimama uani tangu Desemba. Asubuhi nilimwita kijana wa pancha akajaza upepo. Akaweka PSI 35 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) pande zote, kama anavyojaza gari dogo, nami nikamlipa nikaondoka. Liwekeni akilini hilo.

Daraja jipya la Nile tulilivuka saa mbili kasoro. Lina mita 525 na lilifunguliwa Oktoba 2018. Watoto hulipenda kwa zile nyaya zake, lakini kupiga picha ni marufuku, msijaribu. Msituni Mabira tukasimama Najjembe kwa kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma. Wauzaji hukimbilia dirishani wote kwa pamoja. Chagua mmoja, mtazame usoni, mmalizane, na wengine watarudi nyuma. Kampala tuliikwepa kwa Northern Bypass, tukapoteza saa moja na robo kwenye foleni.

Kayabwe, pale kwenye mstari wa Ikweta, watoto walipigwa picha ndani ya duara la saruji. Nilipita karibu na karavani nikaiona kama kawaida. Laiti ningeligusa tairi.

Baada ya hapo barabara inashuka kwenye kinamasi cha Lwera, imenyooka, jua linakupiga usoni. Ndiyo sehemu ile ambayo mafuriko ya Mei 2023 yaliikata kwenye mto Katonga. Nilikuwa kwenye 85. Gari lilikwenda vizuri, redio inaimba, shemeji amesinzia. Bodaboda mmoja akaja sambamba na dirisha langu huku akipiga honi na kuonyesha nyuma kwa kidole. Nikadhani anataka kupita. Akazidi kusogea, akapaza sauti: "Ssebo, omupiira! Tairi! Moshi!"

Niliposhuka sikuamini. Tairi la kushoto halikuwepo. Kwenye rimu kulibaki pete mbili za mpira, na katikati nyuzi za waya zimesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka. Kipande cha kanyagio, yaani uso wa tairi unaogusa barabara, kilikuwa kimepiga madigadi hadi ikapasuka, kikatoboa sakafu ya mbao chini ya kabati la jiko. Chupa ya mafuta ya kupikia ilionekana kutokea barabarani. Bomba la gesi linapita shubiri moja kutoka pale.

Yule kijana aliniambia amenifuata kwa muda mrefu akipiga honi. Ndani ya gari hatukuwa tumehisi chochote. Tairi la gari likipungua upepo, usukani unakuvuta, kiti kinatetemeka, mkono unajua kabla ya macho. La trela liko mita sita nyuma yako, halina usukani, halina kiti. Linaendelea kuburutwa hadi liishe. Marekani tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya ni lazima liwe na kifaa cha kumwonya dereva upepo ukishuka, ila sheria hiyo haigusi trela. Hata huko ambako karavani ni nyingi, dereva anaachiwa mwenyewe.

Jeki ya Prado ilizama kwenye udongo laini wa ukingoni. Mama mmoja muuza samaki alikuwa ametutazama kutoka kwenye kibanda chake. Alinyanyuka, akatoa ubao mnene aliokuwa amekalia, akaja nao kichwani. Hakuuliza neno. Kijana wa bodaboda naye akakata majani, akayatandaza barabarani hatua kama hamsini nyuma yetu ili malori yatuone. Saa moja na nusu baadaye tairi la akiba lilikuwa limefungwa. Nilimpa kijana elfu ishirini, akapokea kumi akasema kumi inatosha. Tukaingia Masaka usiku kwa mwendo wa 40.

Kwa msafiri: jeki ya gari mara nyingi haitoshi karavani. Beba jeki yake, ubao wa upana wa viganja viwili, na spana ya nati za trela, maana saizi inaweza kuwa tofauti na ya gari. Ijaribu nyumbani.

Siku ya 2, Jumapili. Masaka

Tulilala kwenye ua wa nyumba ya wageni, shilingi 40,000 kwa kuegesha, maji na choo vikiwemo. Asubuhi katogo ya matoke na matumbo, moto hasa. Mwenye nyumba alitupeleka kwa fundi wa matairi, mzee wa miaka sitini na kitu aliyewahi kuwa utingo wa malori ya Mombasa. Kiswahili chake ni cha Mariakani na Mtito Andei, na alifurahi kukizungumza. Ilikuwa siku yake ya kupumzika, lakini alifungua kibanda.

Hakutazama kwanza pale palipopasuka. Aliligeuza lile bovu, akatia mkono ndani ya ukuta wa tairi uliosalia, akautoa ukiwa umejaa unga mweusi, laini kama kahawa iliyosagwa.

"Unaona huu? Huu ni mpira umejisaga wenyewe. Tairi hili halikuchomwa na msumari, Mzee. Limekwenda bila upepo wa kutosha."

Akanieleza kwa kulikunja pembe kwa mikono miwili. Kila linapozunguka, ukuta wa tairi unakunjika pale chini linapobeba mzigo, kisha unanyooka. Upepo ukiwa pungufu unakunjika zaidi. Kukunjika ndiko kunakoleta joto, na mpira hautoi joto upesi, unalificha ndani mpaka tabaka za waya na mpira zinaachiana. Nilipofika nyumbani nilifanya hesabu: gurudumu hili la inchi 14 huzunguka mara 490 hivi kwa kila kilometa, wakati la Prado huzunguka kama 410 tu. Dogo ndilo linalokunjika mara nyingi, na ndilo lililobeba karibu na mwisho wa uwezo wake.

Kisha akapangusa ubavu wa tairi la pili kwa kitambaa, akanisomesha maandishi. Tarakimu nne ndani ya kijiduara cha mviringo: 1815. Wiki ya 18, mwaka 2015. Miaka kumi. Kanyagio lilikuwa zuri, karibu jipya, na ndilo lililonidanganya. Tairi la gari huisha kwa kutembea. La karavani huzeeka kwa kusimama. Linakaa juani miezi minane, limebeba uzito uleule mahali palepale, upepo unatoroka kidogo kidogo, na mpira unakauka. Aliukunja ubavu kidogo, nyufa nyembamba zikafunguka kama udongo wa bondeni wakati wa kiangazi.

Halafu 102. Hiyo ni alama ya uzito: kilo 850 kwa tairi moja, likiwa limejazwa PSI 65 kabla ya safari, bado baridi. Kwa 35 uwezo wake unashuka sana. Gari dogo kwa kawaida hutoka kiwandani na matairi yenye akiba ya uwezo, kwa hiyo kosa la upepo linasameheka kwa muda. Trela nyingi hupewa matairi yanayotosha tu, na mwenye trela akipakia vyombo, maji na magodoro, ile akiba ndogo inakwisha kabla hajafika getini.

Nikamuuliza kwa nini hakuna anayetuambia haya tunaponunua. Akasema, "Wewe umeuziwa nyumba. Nani anauza nyumba akazungumza habari za viatu vyake?"

Siku ya 3, Jumatatu. Masaka, mzani

Kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa kilitukubalia tupime kwa shilingi 10,000. Masaka ni mji wa kahawa na mizani ya malori haikosekani. Fundi alisisitiza tupime kila gurudumu peke yake, karavani ikiwa bado imefungwa kwenye gari: kwanza la kushoto tu juu ya mzani, kisha la kulia.

Kulia, kilo 720. Kushoto, 860.

Jumla ni 1,580, na matairi mawili yana uwezo wa 1,700. Ukitazama jumla unalala usingizi. Lakini upande wa kushoto tangu Jinja ulikuwa umepita kiwango, hata kama upepo ungekuwa sawa. Jiko liko kushoto, tangi la maji kushoto, betri kushoto, na mke wangu alikuwa amepanga mchele na unga kwenye kabati la kushoto kwa sababu ndilo kubwa.

Tukamwaga lita 40 za maji. Chakula cha kilo ishirini kikaingia Prado. Betri, nayo kilo ishirini, ikahamia chini ya kitanda cha kulia. Tukapima tena: kushoto 780, kulia 740. Mke wangu aliandika namba hizo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati, na bado ziko pale.

Matairi mapya mawili yenye alama 102, 350,000 kila moja, pamoja na valvu za chuma badala ya zile za mpira, kwa kuwa valvu ya kawaida ya mpira kwenye PSI 65 iko mwisho wa uwezo wake. Fundi alitafuta yaliyotengenezwa mwaka huu, akakataa ya duka la kwanza kwa sababu yalikuwa na miaka minne rafuni. Moja la zamani tukalifanya la akiba kwa safari hii tu. Kupima, kufunga na kusawazisha: 60,000. Alikataa malipo ya kazi ya Jumapili. Mke wangu alimwachia mkewe khanga aliyokuja nayo shemeji kutoka Tanga, na hiyo aliipokea.

Kwa msafiri: pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Mchana namba itapanda yenyewe. Usipunguze.

Siku ya 4, Jumanne. Masaka hadi Mbarara

Shemeji alipewa kazi: kila tukisimama, agonge nati na kugusa kila gurudumu la karavani kwa kiganja, tairi kwanza, kisha habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi.

Nati tulizikaza tena baada ya kilometa 80. Mbili kati ya tano upande wa kushoto zilizunguka robo mzunguko. Rimu ikifunguliwa na kurudishwa, rangi na kutu chini ya nati hujibana, na nati inabaki na nafasi. Kwenye gari utasikia mlio. Kwenye trela utaona gurudumu likikupita barabarani.

Lyantonde tulisimama kula maharage na chapati. Nikamwona shemeji amerudisha mkono wake haraka.

"Shemeji, njoo uguse hii ya kulia. Ya kushoto ni vuguvugu, hii inaunguza."

Habu ya kulia haikugusika kwa sekunde mbili. Tairi lenyewe lilikuwa sawa. Tuliisubiri ipoe karibu saa nzima, tukaenda Mbarara kwa 50, tukisimama kila baada ya dakika ishirini. Kando ya barabara ng'ombe wa Ankole walikuwa wakivuka na pembe zao ndefu kama matawi, na watoto walipata muda wa kutosha wa kuwatazama.

Gereji ya Mbarara ilifungua habu mbele yetu. Grisi ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa. Hiyo ni maji. Kwenye beringi kulikuwa na mistari ya kutu yenye nafasi sawasawa, ikilingana na vile viroli vilivyokuwa vimesimama. Fundi alinipa nishike: ukizungusha kwa kidole ilikwaruza kama mchanga mezani. Gari linalotembea kila siku huzungusha grisi yake kila siku. Karavani hukaa, unyevu unatulia mahali pamoja, na siku ya kwanza ya safari unaidai kilometa mia tatu. Beringi na sili za pande zote mbili 160,000, kazi 50,000. Ushauri wake ni kufungua na kupaka grisi mpya kila mwaka, utembee usitembee.

Jioni mwenyeji wetu alitukaribisha akaro, ugali wa ulezi, na eshabwe. Ile samli nyeupe iliyopigwa mpaka ikawa kama krimu sijawahi kuionja ikiwa nzuri vile. Mke wangu alitaka kujua namna ya kuipika akaelezwa kwa saa nzima.

Siku ya 5, Mbarara, mvua, tulilala na kufua.

Siku ya 6, Alhamisi. Mbarara hadi Kabale

Ntungamo, kisha milima. Barabara inajikunja, na hapa nilijifunza jambo ambalo madereva wa trela wanalijua tayari: kwenye kona gurudumu la trela halifuati njia ya gari. Linakata ndani. Kona ya kushoto unayoipita vizuri na Prado, karavani inaipita kwenye ukingo wa lami uliovunjika, na ukingo ule ni kama kisu kwa ubavu wa tairi. Shimo unalolikwepa kwa gari, yenyewe inaliingia. Tena haina shokapu, kwa hiyo kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye tairi na ekseli. Nilianza kuchukua kona kwa upana na kwa polepole, macho kwenye kioo cha pembeni. Malori yalinisubiri. Dereva mmoja alipopita aliinua mkono wa salamu.

Yule mzee wa Masaka alikuwa amenionya pia kuhusu karavani za ekseli mbili. Zina matairi manne na watu hudhani ni salama zaidi, lakini ukizigeuza mahali pembamba matairi huburutwa ubavu, kanyagio linakwenda huku na rimu kule. Ukiwa nayo, tafuta uwanja mpana wa kugeuzia.

Kabale ni baridi. Tulifika saa kumi, tukanunua bushera, kinywaji cha nafaka, na viazi vya kuchemsha, watoto wakavaa sweta mbili mbili.

Siku ya 7, Ijumaa. Bunyonyi

Karavani tuliiacha mjini Kabale kwa makusudi, kwenye ua wa kanisa, tukapanda ziwani na gari peke yake. Mteremko ule na mzigo wa tani moja na nusu nyuma si jambo la kujaribu. Ziwa liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, visiwa vimetawanyika ndani ya ukungu, na mtumbwi wa saa mbili ulitugharimu 80,000 sote. Tulikula kamba wa ziwani kwa viazi. Shemeji, mtu wa Tanga, alisema kamba ni wa baharini, akala sahani mbili.

Siku ya 8 na 9. Kurudi

Kabale hadi Masaka siku moja, bila tukio. Habu zote mbili vuguvugu, nati hazikusogea, upepo asubuhi 65 na 65. Mzee wa matairi alizigusa mwenyewe, akatupa ndizi za njiani.

Jumapili, Lwera. Ubao wa yule mama ulikuwa umebaki kwetu. Katika giza na haraka ya Jumamosi ile tuliutupia nyuma ya gari, na tuliugundua Masaka. Tulimkuta palepale, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Nilimpa ubao kwa mikono miwili nikaomba radhi. Aliufuta vumbi, akauweka mahali pake, akaukalia, kisha akauliza kwa Luganda jambo ambalo sikulielewa. Binti yake akatafsiri: anataka kuliona tairi jipya.

Nikamwonyesha. Alilitazama, akatazama na la upande wa pili, akapita nyuma hadi kwenye tundu la sakafu tulilokuwa tumeliziba kwa bati. Akatikisa kichwa akiwatazama watoto wetu dirishani. Tulinunua samaki wawili kwa 30,000, akaongeza wa tatu.

Sasa karavani iko uani, imeinuliwa juu ya stendi nne ili uzito usiyakalie matairi, na magurudumu yamefunikwa kwa turubai lisipite jua. Tairi la 2015 nimelikata, lisije likafungwa tena na mtu. Desemba tunakwenda Fort Portal, na wiki moja kabla ya hapo nitakuwa chini yake na geji.